Jina Unalonikatalia, Yaya

Elisabethville, mvua zinapoelekea kwisha

Yaya Veronika, dada yangu mkubwa,

Nimekawia kukuandikia hata nimeona aibu, na naomba unisamehe kabla hujaendelea kusoma. Shemeji Albert aliponiletea lile neno lako, mtoto alikuwa bado tumboni. Leo ameanza kuota meno na ananiuma. Muda wote huo nilikaa kimya. Karatasi ilikuwepo. Mwanzoni nilikuwa nimekasirika, na barua ya hasira si kitu cha kupandisha kwenye treni. Baadaye hasira ikapungua, uchovu ukakaa mahali pake, na uchovu, Yaya, ni mbaya kuliko hasira kwa mtu anayetaka kuandika. Mtoto akilala, vitambaa vyake vinangoja kufuliwa. Vikiisha, Mado anataka kula. Baba Mado naye akirudi kutoka kiwandani anataka nimsikilize habari za tanuru mpaka usingizi umchukue katikati ya neno. Leo yuko kazini, Mado yuko nje anamfukuza kuku wa jirani, na mdogo wake amelala begani pangu. Naandika kwa mkono mmoja, ndiyo sababu herufi zangu zimelala hivi.

Nakuandikia kukuomba jina lako. Nalisema wazi tangu hapa juu, kusudi usisome ukingoja habari ya kifo. Hakuna aliyekufa. Binti yangu amebatizwa Maria, kama wasichana nusu ya kambi hii ya wafanyakazi, lakini jina la nyumbani bado hana. Nataka aitwe Ngoie, kama wewe. Na wewe ulinijibu kabla sijamaliza kuuliza. Shemeji alisimama mlangoni akiangalia kofia yake mikononi, akasema: "Yaya yako anasema usimupe mutoto jina yake. Anasema jina ile iko na kilio ndani." Akanywa maji, akarudi stesheni.

Unajua vile kwetu jina la mtu aliye hai halichukuliwi tu kama kuni za porini. Mwenyewe analitoa. Anampaka mtoto pemba kwenye paji la uso kwa kidole chake, ule udongo mweupe, na kama yuko mbali anautuma. Kwa hiyo siwezi kukuibia, na wala sitaki. Lakini kungoja pia siwezi sana. Mama mkwe ametuma habari kutoka kaskazini kwamba mahindi yakishavunwa atakuja kumwona mjukuu, na atakuja na jina la upande wao. Simchukii mama mkwe, na jina lake si baya. Ila silo ninaloita moyoni ninapomnyonyesha huyu.

Nimekuwa nakukumbuka sana siku za posho, kiwanda kinapogawa unga na maharagi. Unakumbuka vile tulivyokaa nyuma ya nyumba yako, kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, kila mwanamke na sinia lake la maharagi, tukitoa mawe na yale yaliyotobolewa na wadudu? Wewe peke yako hukuwa na sinia. Wenzako walikuchagulia ya kwako, maana mikono yako ilikuwa na kazi ya kitabu. Ma Sœur, yule mtawa wa ushonaji, alikuwa anakuazima vitabu kutoka kabati lake, kimoja kimoja, akikuonya usikiweke karibu na mafuta.

Nakiona bado kile cha hadithi fupi, ambacho jalada lilikuwa limekwenda na kurasa za mwanzo zimekwenda nalo, hata hadithi ya kwanza ilituanzia mwanamke akiwa tayari analia, na hatukujua kamwe kwa nini. Na ile riwaya nene ya Klara. Ulikuwa unapitisha macho kwenye Kifaransa, midomo inacheza kidogo, kisha unainua kichwa na maneno yanatoka kwa Kiswahili chetu sisi. Klara mwenyewe kule kitabuni alivaa koti la manyoya. Wewe ulimfunga kikwembe kizuri cha Jumapili. Theluji uliiita baridi ya mwezi wa sita inayoanguka kama unga. Nilikuwa najua unatudanganya kidogo, na nilipenda hivyo. Ulikuwa unawafungulia mlango watu wale wa mbali waingie kambini kwetu bila kujikwaa.

Kisha, mambo yalipofika mahali pagumu, ulifunga kitabu, kidole kikibaki ndani, na kuuliza: "Kosa ni ya nani?" Hapo ndipo maharagi yalipokuwa yanasahauliwa.

"Ya bwana," alisema Mama Agata siku ile Klara alipoondoka nyumbani kwa mumewe kumfuata mwingine. "Mwanaume anaenda safari mwaka muzima, hatume hata sabuni. Anafikiri bibi ni kiti, akirudia atakikuta paka pale pale."

"We Agata, bwana yako akichelewa kidogo tu unaenda kumufuata ku bar," mwenzake akamjibu.

"Njo maana hachelewake."

Tulicheka mpaka watoto wakaja kuangalia. Na Klara aliporudi kwao akakuta mlango umefungwa, akafa kwenye chumba cha kupanga, hakuna aliyecheka. Kesho yake asubuhi tukamwona Mama Kisimba anakuja, yule bibi kizee wa nyumba ya pembeni, ameweka kikapu cha makaa kichwani, unga mkononi, kikwembe amekikaza kiunoni kama mtu anayekwenda msibani.

"Kilio iko wapi?" akauliza.

"Ya nani, mama?"

"Ya Klara. Mutoto wa bantu amekufa mbali na kwabo, na shiye tunakaa tu?"

Ulimwelezea polepole kwamba Klara ni mtu wa kitabuni, kwamba mtu fulani alikaa akamwandika tu. Alikusikiliza mpaka mwisho. "Na mule mu kitabu," akasema, "iko muntu wa kumulilia?" Ukasema hapana, hayuko. "Basi," akasema Mama Kisimba, na akakaa chini. Tukakaa naye. Mama Agata akaleta chumvi. Tulimlilia Klara mpaka jua likageuka, kila mmoja akimlilia wake chini ya jina lile, kisha ukapika bukari kwa unga ule tukala. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakiwa pamoja bila kuitwa na mtu.

Nafika kwa mtoto wako Leoni, Yaya. Sitaruka. Wewe umeruka miaka yote hii, na ona tulipofika.

Surua ilikuwa kambini kote. Asubuhi ile ulimfunga mgongoni ukampeleka kwenye zahanati; nilikwenda nawe. Muuguzi akasema surua haina dawa, mpe maji, mlaze penye giza, ngoja. Ukampa maji, ukamlaza penye giza, ukangoja. Wanawake walipokuja na masinia yao ulitaka kuwarudisha, kisha ukasema nitasoma kidogo, kichwa changu kinanila kwa mawazo. Kila ukurasa ulipoisha uliinuka ukaingia ndani. Nilikuona. Uliinuka, ukaingia, ukatoka, ukasoma. King'ora cha kiwanda kilipolia ukaingia tena, na mara ile hukurudi kwenye kitabu. Ulisimama tu mlangoni umeshika pazia.

Na kwenye kilio cha Leoni, kwa sauti ambayo haikujificha, Mama Agata akasema: "Alikuwa anasoma. Mutoto anaungua, yeye anasoma mambo ya bazungu."

Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Niliona shingo yako ikishuka, na mpaka ulipoondoka Elisabethville sikuiona ikiinuka tena. Vitabu vikarudi kwa Ma Sœur. Hukusoma tena hata maandishi ya kwenye sabuni. Shemeji alipopewa kazi ya reli Sakania, kule mpakani, mizigo ulikuwa umeshaifunga kabla hajamaliza kueleza.

Basi nikabaki. Nikienda bombani napita mbele ya nyumba yako. Wanakaa watu wengine pale, watu wazuri, wananisalimu. Mama wa nyumba anaanika matembele pale tulipokuwa tunakaa. Miguu yangu bado inapunguza mwendo nikifika pale, kisha inakumbuka. Wale tuliokuwa tunacheka nao wengine wamehamishwa kambi, wengine wamerudi kwao. Siku nyingine, kutoka Baba Mado anapokwenda kazini mpaka anaporudi, sauti ya mtu mzima sijaisikia.

Kwa upweke huo nikamwendea Ma Sœur nikaomba kitabu. Aliniangalia kwa mshangao, maana mimi ni yule wa kushona tu, lakini akanipa kile kisicho na jalada. Nasoma kwa kidole, Yaya, neno moja moja, na nusu yake nakisia. Riwaya siziwezi, nikifika ukurasa wa pili mtoto ameamka, na nikirudi nimesahau nani alimwoa nani. Hadithi fupi ndizo zinanifaa. Zinaingia kati ya kunyonyesha na kunyonyesha.

Na kwa kusoma hivyo nimeona kitu ambacho wewe hukukisema. Katika vitabu vile daima kuna mtu mwenye hatia, au anayefikiri anayo, na anapenda, na mwisho anaondoka. Anapanda gari la farasi au meli, na mwandishi anapanda pamoja naye. Tunajua alivyolia njiani, alivyokaa dirishani. Nimetafuta hadithi moja tu ambayo mwandishi alibaki nyumbani na mdogo wa yule aliyeondoka. Haimo.

Sasa nikuambie yaliyotokea juzi, siku ya posho. Mama Agata alikuja kwangu na sinia lake. Hakuwa amekanyaga hapa tangu uondoke. Nyuma yake alikuwa Mama Kisimba na wanawake wengine wachache wa mstari huu wa nyumba.

"Elena," Mama Agata akasema, "yaya yako alikufundisha kusoma, ao alikufundisha paka kusikiliza tu?"

"Nasoma polepole."

"Polepole iko muzuri. Na maharagi tunachagula polepole."

Kitabu hakikuwepo. Ma Sœur alikuwa amekichukua akishone mgongo. Nilitaka kuwaambia warudi, lakini walikuwa wameshakaa, mikono imeshaanza kazi, na mimi nilikuwa nimekaa peke yangu siku nyingi mno. Nikasema nitawapa hadithi moja niliyoisikia zamani. Nikaanza: kulikuwa na mwanamke katika mji wa mbali, jina lake Suzana, alikuwa na mtoto mmoja. Mwaka ule homa ya watoto ikaingia mjini.

Sikupanga. Ilitoka tu kinywani. Niliwaambia vile Suzana alivyompeleka mtoto kwa waganga asubuhi na walivyomrudisha, vile alivyomlaza penye giza, vile alivyokaa nje na wenzake wakishona kusudi kichwa kisimle, vile alivyokuwa anainuka kila mara kwenda kumwangalia. Mahali pa kitabu niliweka sindano. Vingine vyote niliviacha vilivyokuwa. Na msibani, nikasema, jirani mmoja akasema mbele ya watu: alikuwa anashona, mtoto anaungua. Suzana akaondoka mji ule. Kisha nikauliza vile ulivyokuwa unauliza: "Kosa ni ya nani?"

"Kosa gani?" Mama Kisimba akasema. "Homa inauaka batoto ba benye kushona, na ba benye kulala. Bangu ilibaua niko nabashika mu mikono."

"Mi nauliza juu ya ule jirani," mwingine akasema. "Mwanamuke wa mudomo vile, hata kuku yake inamukimbia."

Wakacheka. Mama Agata hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimesimama ndani ya maharagi.

"Ule jirani iko na jina gani?" akaniuliza.

"Hadithi haikumpa jina."

"Juu ya nini haikumupa? Suzana iko nayo."

"Yule ni jirani tu, Mama Agata."

"Hapana. Mupe jina." Akangoja. "Mwite Agata," akasema.

Mama Kisimba aliendelea kuchagua, lakini nilimwona anatupa yale mazima na kubakiza mabovu. Wengine wakakumbuka kazi zao nyumbani. Mama Agata alibaki mpaka wote wakaenda.

"Batoto bangu pia balikuwa na surua siku ile," akaniambia, bila kuniangalia. "Nilikuwa naogopa. Kama haikuwa kosa ya Veronika, basi kifo inaweza kuingia mwangu vilevile. Niliweka kosa mu kusoma kwake paka nipate kwa kujificha tu."

"Nimwandikie hivyo?"

"Usiandike musamaha. Hiyo haipitake ku karatasi. Mwambie tu vile nilitaja jina yangu mbele ya bantu."

Nimekuambia.

Sasa nisikilize, mimi mdogo wako, na usikunje uso. Sikuandiki haya ili umpende Mama Agata. Hilo ni lenu, mtalimaliza wenyewe au mtaliacha. Nakuandikia kwa sababu umejihukumu peke yako kule Sakania, bila mtu wa kuuliza swali, bila mtu wa kupinga. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu hahukumiwi hivyo. Ulikuwa unatungoja tubishane. Hata Klara, ambaye hakuwahi kuwa na pumzi, tulimpa siku nzima.

Na unaposema jina lako lina kilio ndani, sikubishii. Linacho. Lakini nilipokuwa namzaa huyu, katika maumivu yale ya mwisho, sikumwita mama yetu marehemu, sikumwita Baba Mado. Nilipiga kelele Ngoie. Mkunga akaniuliza Ngoie ni nani, aende amwite. Nikamwambia hawezi kuja. Basi ujue kwamba hilo pia limo ndani ya jina lako, na hilo ni langu, huwezi kuliondoa. Leoni ulimzaa wewe, lakini nilimbeba na mimi. Nilimfundisha kupiga makofi. Ulipoondoka na huzuni yako yote ukaichukua kama mzigo wa mtu mmoja, hukuniachia hata sehemu yangu.

Siogopi kwamba binti yangu atarithi msiba. Naogopa atakua akisikia kwamba ana mama mkubwa huko kwenye mpaka, mtu wa kutajwa kwa sauti ya chini. Nataka awe na haki ya kuuliza habari zako kwa sauti kubwa.

Mtoto ameamka. Nimalize. Haya ndiyo ninayoyangoja bado kutoka kwako. Mpe mtu wa treni unayemwamini, si yule aliyekula karanga zetu njiani akaleta mfuko mtupu.

Flaneli nyeupe ya kutosha nguo mbili za mtoto, ile ya dukani kwa Mgiriki karibu na stesheni, kama bado anauza. Ya huku ikifuliwa inakuwa kama wavu.

Uzi mweusi mgumu. Sindano usilete, ninazo.

Jibu lako, kwa mkono wako mwenyewe, si kwa mdomo wa shemeji. Kama ni hapana, andika hapana. Nitampokea mama mkwe kwa heshima, mtoto atapokea jina lake, na mimi sitakuomba tena.

Kama ni ndiyo, pemba. Usimwachie mtu mwingine kuichimba wala kuifunga. Iguse wewe.

Na kikwembe ulichombebea Leoni. Najua unacho, najua kiko chini kabisa ya sanduku. Kifue kwanza kwa maji ya moto, maana mimi ni mama na surua naiogopa, kisha kikunje ukitume. Watu watasema. Nitamfunga Ngoie mgongoni nacho mchana, nipite naye mstari wote wa nyumba mpaka bombani, nikisalimia kila mlango.

Mdogo wako,
Elena